Benazir Bhutto, shahidi au mwizi? Jibu kwa msomaji wa Sharjah

"Assalaam alaykum, mtaalamu. Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi kwenye gereji hapa Sharjah, na chumbani tunakaa watu sita. Wawili ni Wapakistani: mmoja fundi umeme wa Larkana, mwingine fundi bodi wa Lahore. Mwaka mzima wanaelewana, ila ikifika tarehe 27 Desemba, siku aliyouawa Benazir Bhutto, waziri mkuu wa zamani wa Pakistan, mwaka 2007, chumba hakikaliki. Wa Larkana anamwita shahidi na mama wa maskini. Wa Lahore anasema alikuwa mwizi aliyehukumiwa Uswisi, kwamba ndiye aliyeizaa Taliban, na kwamba aliuliwa na watu wake mwenyewe. Mwaka jana walikaa wiki mbili bila kusalimiana, na kila mara wananifanya mimi hakimu kwa kuwa si wa kwao. Tena kikundi chetu cha WhatsApp cha Waswahili kimeniomba niandike juu ya mama huyu kama mwanamke wa kwanza Mwislamu kuongoza nchi. Nani mkweli kati yao, na mimi nianzie wapi?"

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kitu cha kwanza ninachokuomba ni ukatae huo uhakimu. Wenzako wanabishana kana kwamba swali ni moja, kumbe ni manne yaliyofungwa furushi moja: je, aliiba, alipokuwa madarakani alifanya nini, Taliban ni kazi yake, na nani alimuua. Fundi umeme akibanwa kwenye la kwanza anakimbilia la mwisho, maana nani atamsema vibaya mtu aliyeuawa? Fundi bodi akibanwa kwenye la mwisho anarudi kwenye la kwanza. Hawakutani popote. Na chini ya hayo kuna jambo zito zaidi: kesi ya ufisadi haikufika mwisho wake, na kesi ya mauaji nayo haikufika. Mahakama zikiishia njiani, kila nyumba inajiandikia hukumu yake. Hapo ndipo ubishi huu unapopata chakula, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Nianze na sentensi ya kikundi chako, maana imepinda kidogo. Benazir hakuwa mwanamke wa kwanza duniani kuwa waziri mkuu. Sirimavo Bandaranaike wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, alimtangulia mwaka 1960. Wala hakuwahi kuwa rais. Andika hivi, na hakuna atakayekutoa makosa: alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuongoza serikali katika nchi yenye Waislamu wengi. Aliapishwa tarehe 2 Desemba 1988, akiwa na umri wa miaka 35. Baada yake wakafuata Khaleda Zia wa Bangladesh mwaka 1991 na Tansu Çiller wa Uturuki mwaka 1993.

Sikiliza pia wanavyomtaja. Anayesema "Shaheed Mohtarma" ameshakuambia yuko upande gani kabla hajatoa hoja. Mohtarma ni neno la Kiurdu la kumheshimu mwanamke, na shaheed ni hili shahidi letu la mtu aliyekufa kwa ajili ya haki. Anayesema "BB" huwa anampenda bila kuwa mwanachama sugu. Anayesema "Benazir" tu, kwa Mpakistani, mara nyingi ameamua kutompa kitu. Wewe tumia jina lake kamili, utabaki katikati.

Sasa alikotoka. Baba yake, Zulfikar Ali Bhutto, alianzisha chama cha PPP (Pakistan Peoples Party) mwaka 1967, akapinduliwa na Jenerali Zia-ul-Haq Julai 1977 na kunyongwa Rawalpindi tarehe 4 Aprili 1979. Ilichukua hadi Machi 2024 ndipo Mahakama ya Juu ya Pakistan ikatoa maoni kwamba kesi ile haikuendeshwa kwa haki. Binti akafungwa, mwaka 1981 akawekwa peke yake katika jela ya Sukkur, mwaka 1984 akaenda uhamishoni. Aliporudi tarehe 10 Aprili 1986 hakushukia jimbo la kwao, Sindh. Alishukia Lahore, na umati uliompokea ni miongoni mwa mikubwa kuwahi kuonekana nchini humo. Mkumbushe fundi bodi kwa upole kwamba ni mji wake uliompokea. Chuki ya Lahore kwa Benazir haikuwapo tangu mwanzo; ilijengeka, na ina tarehe zake.

Anayeuliza "alifanya nini?" lazima kwanza ajue alipewa nini. Uchaguzi wa Novemba 1988 ulikipa chama chake viti vingi kuliko chama kingine chochote, lakini si wingi wa kutosha kutawala peke yake. Ili akabidhiwe serikali alikubali masharti: Ghulam Ishaq Khan awe rais, waziri wa mambo ya nje aliyekuwapo abaki, na mambo ya Afghanistan na nyuklia yaendelee kuwa mikononi mwa jeshi. Juu ya hayo palikuwa na kipengele cha 58(2)(b) cha katiba, kilichoingizwa mwaka 1985 enzi za Zia, kilichompa rais uwezo wa kulivunja Bunge kwa saini yake. Kati ya 1988 na 1996 kalamu hiyo ilitumika mara nne, mbili kati ya hizo dhidi ya Benazir: tarehe 6 Agosti 1990, na tena tarehe 5 Novemba 1996, safari hii na Farooq Leghari, rais aliyetoka ndani ya chama chake mwenyewe. Jumlisha vipindi vyote viwili, hata miaka mitano haitimii.

Hapa kuna donda ambalo fundi umeme pengine hajui kulieleza ila kwa hasira. Nawaz Sharif, waziri mkuu mpinzani wake na mtu wa Punjab, jimbo la Lahore, alipoondolewa kwa kipengele kile kile mwaka 1993, Mahakama ya Juu ilimrudisha madarakani. Benazir, mtu wa Sindh, hakurudishwa. Januari 1997 mahakama ilithibitisha kuondolewa kwake. Majaji walikuwa na sababu zao katika kila kesi, lakini kwa Msindhi wa kawaida somo lilikuwa moja: waziri mkuu wa Punjab ana mahakama, wa kwetu ana kaburi. Ongeza hili: mwaka 2012 mahakama hiyo hiyo iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na Asghar Khan, kwamba uchaguzi wa 1990 ulichafuliwa na wakuu wa jeshi na wa idara ya ujasusi waliogawa fedha kwa wanasiasa ili PPP isishinde. Kiasi kilichotajwa kwenye kesi ni rupia milioni 140. Kwa hiyo fundi umeme anaposema "hawakumwacha atawale", hasemi ngano.

Lakini kubanwa hakufuti wajibu, na mizani lazima ipimwe pande zote. Katika siku zake za mwanzo aliwafungulia wafungwa wa kisiasa na kuondoa marufuku ya vyama vya wanafunzi na vya wafanyakazi. Mwaka 1989 ilianzishwa benki ya wanawake. Mwaka 1994 kikafunguliwa kituo cha polisi cha wanawake Rawalpindi. Kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni jambo ambalo wabishi hawalitaji kabisa: mpango wa wahudumu wa afya wa vijijini ulioanza mwaka 1994. Anachaguliwa mwanamke mkazi wa pale pale kijijini, aliyesoma angalau miaka minane. Anafunzwa miezi mitatu darasani na miezi kumi na miwili akiwa kazini. Kisha anakabidhiwa watu wapatao 1,000, yaani nyumba 150 hadi 200, na nyumba yake mwenyewe inakuwa kituo cha afya. Anabisha hodi penye purda, ambapo daktari wa kiume hafiki. Mkobani ana vidonge vya madini ya chuma, dawa za uzazi wa mpango, na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji mtoto anapoharisha. Siku za kampeni ya polio anajitwika kisanduku cha barafu begani akiwa na matone ya chanjo. Idadi yao baadaye ilikaribia 100,000. Wengi wamehangaishwa na mishahara inayochelewa, na tangu 2012 wapo waliouawa kwa risasi wakitoa chanjo. Ukitaka kitu kimoja ambacho wenzako wote wawili wanaweza kukikubali, waulize ni nani aliyewapa wadogo zao matone ya polio.

Kwenye sheria, hali ni nyingine. Sheria za Hudud za mwaka 1979 zilimweka mwanamke aliyebakwa pabaya: ili mbakaji apewe adhabu ya hadd, yaani ile iliyowekwa na sharia, walihitajika mashahidi wanne wanaume Waislamu, na mwanamke akishindwa kuthibitisha angeweza yeye mwenyewe kushtakiwa kwa zinaa. Benazir aliahidi kuziondoa. Hakuziondoa katika kipindi cha kwanza wala cha pili. Wanaomtetea wanasema hakuwa na kura bungeni na Seneti ilikuwa mikononi mwa wapinzani, na kwa kipindi cha kwanza ni kweli. Hata hivyo mabadiliko makubwa ya sheria ile yalikuja mwaka 2006, chini ya Jenerali Musharraf, mtawala wa kijeshi wa wakati huo. Wanaharakati wengi wa kike wa Pakistan hawajalisahau hilo, na wana haki ya kutolisahau.

Halafu kuna Karachi, ambayo barua yako haikuitaja, lakini siku akiingia mpangaji wa tatu kutoka mji huo utaisikia. Katika kipindi cha pili polisi na askari waliendesha operesheni dhidi ya MQM, chama chenye nguvu mjini humo, na watu wengi waliuawa katika kilichoitwa mapambano na polisi huku madai yakisambaa kwamba walishikwa kwanza ndipo wakapigwa risasi. Amri ya rais ya Novemba 1996 iliyataja mauaji hayo. Na tarehe 20 Septemba 1996, ndugu yake Benazir, Murtaza Bhutto, aliuawa na polisi karibu na nyumba ya familia, mtaa wa Clifton, dada yake akiwa ndiye waziri mkuu. Familia ya Murtaza haijawahi kukubali kwamba serikali ile haikuhusika. Ukiona ubishi wa Bhutto unawagawa hata Wabhutto wenyewe, chanzo chake ni usiku ule.

Sasa tuje kwenye fedha, maana neno "alihukumiwa" ndilo linalowasha moto chumbani kwenu. Hukumu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilitolewa Pakistan Aprili 1999: yeye na mumewe, Asif Ali Zardari, walipewa miaka mitano kila mmoja kwa rushwa ya mkataba wa ukaguzi wa mizigo inayoingia nchini na kampuni ya Uswisi. Wakati huo Benazir alikuwa ameshaondoka nchini. Aprili 2001 Mahakama ya Juu iliitengua na kuagiza kesi isikilizwe upya, kwa sababu ya upendeleo wa waliohukumu. Palikuwa na kanda za simu zilizoonyesha jaji akishinikizwa na watu wa serikali. Ya pili ni ya Geneva, mwaka 2003: hakimu wa uchunguzi aliwatia hatiani kwa utakatishaji wa fedha wakiwa hawapo, akawapa kifungo cha miezi sita kilichosimamishwa. Wakakata rufaa, na kwa utaratibu wa huko hukumu ya namna hiyo huanguka rufaa ikiingia, suala likaanza upya. Kwa hiyo fundi bodi hadanganyi akisema "alihukumiwa Uswisi". Anasimulia nusu.

Nusu ya pili ndiyo yenye uchungu. Mwaka 2007 Musharraf, akihitaji mshirika wa kiraia, alikuwa akizungumza na Benazir. Tarehe 5 Oktoba alitia saini amri iliyoitwa ya maridhiano ya kitaifa, NRO, iliyofuta kesi za wanasiasa na watumishi wa kati ya Januari 1986 na Oktoba 1999. Walionufaika walizidi 8,000. Mwaka 2008, Benazir akiwa ameshazikwa, mwanasheria mkuu Malik Qayyum aliiandikia Uswisi kwamba Pakistan inajitoa, na Agosti mwaka huo mwendesha mashtaka wa Geneva akafunga jalada. Malik Qayyum huyu ndiye aliyekuwa mmoja wa majaji wa hukumu ya 1999 iliyotenguliwa. Desemba 2009 Mahakama ya Juu iliibatilisha NRO na kuitaka serikali iiandikie tena Uswisi. Waziri mkuu Yousaf Raza Gilani alikataa, akisema rais, ambaye sasa alikuwa Zardari, ana kinga. Aprili 2012 akatiwa hatiani kwa kudharau mahakama, na Juni akapoteza kiti. Barua ilipoandikwa mwishowe, Uswisi ilijibu kwamba muda wa kisheria umepita.

Umeona ilivyokwenda? Kila upande uliogusa kesi hii uliiharibu. Serikali ya Sharif ilimharakisha jaji, hukumu ikanajisika. Musharraf aliigeuza bidhaa ya mazungumzo. Benazir mwenyewe aliukubali msamaha badala ya kudai kesi isikilizwe hadi mwisho, na mimi naliona hilo kuwa kosa lake kubwa kuliko mengine yote, kwa sababu liliwanyima wanaomwamini nafasi pekee ya kusema "alisafishwa na mahakama". Tuhuma zina mwaka wake, lakini mashaka hayana mwaka wa mwisho. Shamba la Rockwood huko Surrey, Uingereza, linatajwa hadi leo kwa sababu hiyo hiyo: familia ilikana kwa miaka kwamba ni lao, kisha mumewe akakubali kuwa ni lake. Ukiulizwa, sema hivi bila kuongeza wala kupunguza: palikuwa na ushahidi uliomridhisha hakimu wa Geneva, na hakuna hukumu ya mwisho iliyosimama dhidi yake hadi alipofariki.

Kuhusu Taliban, fundi bodi amekaribia lakini hajalenga. Kundi hilo lilizaliwa Kandahar, Afghanistan, mwaka 1994, katika nchi iliyochoshwa na wababe wa vita. Waziri wa mambo ya ndani wa Benazir, Naseerullah Babar, alitaka njia ya biashara ifunguke kutoka mji wa Quetta wa Pakistan kupitia Kandahar hadi Asia ya Kati, akaliona kundi lile linafaa kuisafisha, na msaada ukaanza kupita. Kabul ilianguka tarehe 27 Septemba 1996, wiki tano na ushei kabla Benazir hajaondolewa. Aliyeitambua rasmi serikali ya Taliban, Mei 1997, ni serikali ya Nawaz Sharif. Kusema "aliizaa" ni kumpa mtu mmoja kazi ya jeshi, ya majirani na ya vita vya miaka mingi. Lakini kusema "hakujua" nako hakukubaliki. Alikuwa waziri mkuu, na Babar alikuwa waziri wake.

Sasa mauaji. Tarehe 18 Oktoba 2007 alirudi Karachi baada ya miaka minane ya kuishi nje, sehemu kubwa huko huko kwenu kwenye Imarati, Dubai. Usiku huo mabomu yalilipuka kwenye msafara wake eneo la Karsaz. Waliokufa walizidi 130. Alijua basi anawindwa. Tarehe 27 Desemba alihutubia bustani ya Liaquat Bagh, Rawalpindi, iliyopewa jina la Liaquat Ali Khan, waziri mkuu wa kwanza wa Pakistan, aliyepigwa risasi hapo hapo tarehe 16 Oktoba 1951. Mauaji hayo ya kwanza nayo hayajawahi kupata jibu lililokubalika na wote. Muda mfupi baada ya saa 11 jioni, akitoka, alisimama kupitia kidirisha cha paa la Land Cruiser isiyopenya risasi kuwapungia watu. Risasi tatu zikasikika, kisha bomu la kujitoa mhanga. Matairi yalipasuka, gari likaburuzwa kwa rimu hadi akahamishiwa jingine. Gari la akiba la chama lisilopenya risasi, ambalo lilipaswa kuwa jirani, lilikuwa limeshaondoka. Saa 12 na dakika 16 jioni madaktari walitangaza kwamba amefariki.

Kilichofuata nakuomba ukiandike polepole. Haikupita saa moja na dakika 40 tangu mlipuko, polisi wakaagiza eneo lioshwe kwa mipira ya zimamoto. Damu, vipande vya chuma, maganda ya risasi, vyote vikaenda na maji. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Heraldo Muñoz wa Chile iliandika katika ripoti yake ya Aprili 2010 kwamba polisi walikusanya vielelezo 23 tu, pale ambapo kwa kawaida hutarajiwa maelfu. Maelezo ya polisi, kwamba waliosha ili kutuliza umati, hayakuiridhisha tume. Uchunguzi wa maiti nao haukufanyika: mkuu wa polisi hakuuruhusu hospitalini, na mumewe aliulizwa pale tu jeneza lilipokuwa tayari uwanja wa ndege wa kijeshi. Kesho yake msemaji wa serikali akatangaza kwamba amekufa kwa kugonga kichwa kwenye kidirisha na kwamba mpangaji ni Baitullah Mehsud wa Taliban ya Pakistan. Wapelelezi wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, waliunga mkono, Februari 2008, kwamba kilichoua ni kichwa kugonga ukingo wa kidirisha kwa nguvu ya mlipuko. Chama kilishikilia kwamba ni risasi. Kitabibu tofauti hiyo inaweza kuwa ya kweli na isibadilishe kitu. Aliyelipua ndiye aliyeua. Kisiasa ilikuwa moto, maana watu walisikia serikali ikisema "si sisi, ni paa la gari".

Ndiyo maana uvumi kwamba aliuliwa na watu wake hauna mahali pa kuzimikia. Hakuna uchunguzi wowote rasmi uliouthibitisha, na wewe usiurudie. Tume ya Umoja wa Mataifa haikupewa kazi ya kutaja muuaji. Ilisema kwamba kifo kingeweza kuzuiwa na kwamba polisi walishindwa kwa makusudi kuchunguza ipasavyo. Musharraf alishtakiwa mwaka 2013. Mwezi Mei mwaka huo mwendesha mashtaka wa kesi hiyo alipigwa risasi akafa Islamabad. Tarehe 31 Agosti 2017 mahakama ya ugaidi ya Rawalpindi iliwaachia watuhumiwa watano, ikawafunga maofisa wawili wa polisi miaka 17, ambao baadaye walipata dhamana, na kumtangaza Musharraf mtoro. Alifia Dubai Februari 2023.

Kwa nini basi hawapoi, ilhali miaka imepita? Kwa sababu jina lake bado linafanya kazi kila siku. PPP imetawala Sindh mfululizo tangu 2008, na kila Desemba inakusanya watu Garhi Khuda Bakhsh, karibu na kwao fundi umeme, penye makaburi ya familia. Mpango wa fedha kwa kaya maskini ulioanza mwaka 2008 una jina la Benazir. Hapo mwanzo ulimpa mama wa familia rupia 1,000 kwa mwezi. Kwa mama wa kijijini Sindh, Benazir ni picha iliyo kwenye malipo anayopokea kwa jina lake mwenyewe. Kwa mtu wa Lahore, picha hiyo hiyo ni kodi yake inayotangaza chama cha wengine. Uwanja wa ndege wa Islamabad ulipewa jina lake mwaka 2008. Mpya ulipofunguliwa mwaka 2018 jina halikufuata. Mwaka 2024 mwanawe Bilawal alipotetea marekebisho ya katiba kuhusu mahakama, aliegemea Mkataba wa Demokrasia ambao mama yake na Nawaz Sharif waliutia saini London tarehe 14 Mei 2006. Mkataba huo una heshima yake: marekebisho ya mwaka 2010 yaliyoing'oa 58(2)(b) yalitokana nao kwa sehemu kubwa. Lakini wanaomhukumu Zardari, rais wa sasa, au serikali ya Sindh yenye barabara mbovu, wanamhukumu marehemu kupitia wao. Na wanaowatetea walio hai wanajificha nyuma ya kaburi lake. Hapo ubishi wa historia unakuwa ubishi wa kura.

Chumbani fanya hivi. Usingoje tarehe 27. Wakae wiki moja kabla, baada ya kula, simu zikiwa pembeni. Swali moja kwa jioni moja, na atakayeruka kwenda jingine arudishwe. Kila anayesema "alihukumiwa" au "alisafishwa" ataje mahakama, mwaka, na rufaa iliishaje. Kisha mwombe kila mmoja aseme jambo moja ambalo upande wake ulilikosea. Fundi umeme ana NRO na Karachi. Fundi bodi ana uchaguzi wa 1990 na eneo la tukio lililooshwa. Asiyeweza kutaja hata moja, achana naye jioni hiyo. Vitisho vikianza, au mtu akishika kifaa cha kazi, hilo limetoka kwenye historia: mwone msimamizi wa makazi siku hiyo hiyo.

Kwenye WhatsApp chunga zaidi. Sheria ya Imarati ya mwaka 2021 ya uvumi na uhalifu wa mtandao inaadhibu kusambaza habari za uongo na kumtukana mtu kupitia mtandao, na ujumbe wa kikundi unahesabika. Pakistan nayo ilikaza sheria yake Januari 2025, hivyo fundi bodi akisambaza nyumbani anajiweka hatarini yeye na anayepokea. Andika yenye tarehe na mahakama, acha "inasemekana". Ukiitwa na polisi kwa ujumbe wowote, usijieleze mwenyewe kwa Kiarabu cha gereji. Tafuta wakili mwenye leseni, na uwapigie ubalozi wa Tanzania Abu Dhabi au ubalozi mdogo ulioko Dubai.

Rasimu ikikamilika, wasomee wenzako wote wawili kwa lugha mnayoelewana kabla hujaituma kikundini. Palipokosewa tarehe watakuonyesha upesi, na safari hii watakuwa wanasahihisha karatasi moja.